Kambi ya Familia Mida na Marafa: Anza kwa Kuhesabu Mwezi

Kabla hujaazima hema, na kabla hujamdokezea mtoto yeyote, ishushe ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu uangalie mwezi una siku ngapi tangu uandame. Safari ninayoieleza ni ya siku nne kutoka Malindi: masiku mawili kwenye hori la Mida, kando ya Watamu, mkipiga kafi ndani ya mikoko, usiku mmoja Marafa mkitembea chini ya ile miamba ya rangi rangi, na ukipenda, asubuhi moja kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Marafa na msitu havina ugomvi na tarehe. Mida inao. Maji yasipokuwepo saa unayoyataka, umekodi kayaki za kutazamia tope.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Huku kwetu siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukifika siku 8 au 9, na tena 22 au 23, ni maji mafu: hayapandi sana wala hayashuki sana, tofauti ni kama mita 1 tu.

Kwa familia yenye watoto mimi huchagua mwezi ukiwa na siku 4 hadi 6, au 19 hadi 21. Hapo maji hujaa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, jua halijawa kali, upepo haujaamka, na kuna maji ya kutosha kuingia vijia vya ndani ya mikoko. Maji mafu yenyewe ni mapole zaidi kwa kuwa mkondo ni mdogo, lakini kule ndani kayaki hugusa chini na watoto huchoka kujisukuma. Bamvua waachie wenye mazoea. Ukishapata tarehe kwa kalenda, hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Mombasa, au muulize mvuvi yeyote mwenye programu ya maji kwenye simu yake. Kumbuka pia kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko mdomoni.

Likizo za shule ni Aprili, Agosti, na ile ndefu ya Novemba na Disemba. Aprili ni mwanzo wa mvua kubwa; acha. Disemba kuna joto la kaskazi na Watamu imejaa wageni, bei zimepanda. Mimi ni mtu wa Agosti. Kusi inavuma, bahari ya nje imechafuka, lakini Mida imezungukwa na nchi kavu na asubuhi huwa tulivu. Usiku ni baridi ya kujifunika leso mbili, na hema halichomi. Hasara yake ni ndege: makundi makubwa ya wahamiaji huja kuanzia Oktoba na kukaa mpaka Machi au Aprili. Kama nyumbani kwako kuna mtoto mwenye daftari la ndege, nenda likizo ya mwisho wa mwaka uvumilie jasho.

Nguo za majini

Hapa niruhusuni nirefushe, kwa sababu ni kazi yangu. Nashona Shella, Malindi, na wanawake wengi huniambia wangependa kuingia kwenye kayaki ila hawajui wavae nini wakae na stara yao. Buibui na dera viacheni hemani. Dera likilowa huwa zito, hujisokota miguuni, na ukipinduka majini hutaweza kupiga teke. Shona au nunua suruali ya kitambaa cha jezi, pana kiasi lakini iliyobanwa kifundoni kwa lastiki, na juu yake blauzi ndefu ya kitambaa hicho hicho ifike katikati ya paja, yenye mpasuo ubavuni ili ukae bila kuvutwa. Pamba hunywa maji na haikauki. Jezi ukiikamua na kuianika kwenye mvinje, adhuhuri unaivaa tena. Mtandio usiufunge kwa pini. Vaa ushungi wa kuvuta, ule unaoingia kichwani moja kwa moja, na kofia ya jua juu yake yenye kamba ya kidevuni.

Viatu ni vya plastiki vya kufunga kisiginoni, kwa kila mtu, pamoja na baba mwenye kudai nyayo zake ni ngumu. Mizizi ya mikoko imeshikwa na chaza, na ganda la chaza hukata mguu kabla hujahisi. Kandambili hubaki topeni mguu unapotoka.

Mavyaa wangu huja nasi, na umri wake si kazi yangu kuutangaza. Kayaki hapandi. Yeye tunamkodia mtumbwi wa wenyeji wenye mpiga pondo wake, anakaa katikati juu ya mto na mwavuli mkononi, na ndiye anayefika mbele ya wote. Ukiwa na mzee au mtoto wa chini ya miaka 5 fanya hivyo hivyo. Mitumbwi ya vikundi vya wenyeji iko Mida na Dabaso, na mwenye mtumbwi anaijua njia kuliko wewe. Kayaki za kukodi uliza Watamu, mapema, na useme wazi mna watoto wangapi na uzito wao, wakupe za watu wawili.

Jaketi na kafi

Watu wa bara hudhani kila Mswahili anajua kuogelea. Mimi najua kina mama wa mtaani kwangu waliozaliwa hatua mia kutoka pwani ambao hawajawahi kupita maji ya magoti. Kwa hiyo jaketi za kuokolea maisha si za watoto peke yao, na hazivuliwi mpaka mguu uwe juu ya mchanga mkavu.

Jaketi la mtoto lipime hivi. Mvike, funga vifungo vyote, kaza mikanda, kisha lishike jaketi mabegani umwinue kidogo. Likibaki mahali pake, linamfaa. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa: majini litaelea yeye akiteremka chini yake. Jaketi nyingi za watoto huwa na ukanda wa kupita katikati ya miguu. Wengi huuacha ukining'inia kwa sababu mtoto analalamika unambana. Ufunge. Na usikubali maneno ya mwenye kukodisha kwamba "hili litamtosha tu". Mwambie kwa upole, "Kaka, nitafutie jingine," usimame hapo hapo mpaka lije.

Kafi la kayaki lina majani mawili. Liweke juu ya kichwa, sogeza mikono mpaka viwiko vikunje pembe ya mraba. Hapo ndipo pa kushika. Kaa wima, nyayo zikanyage vile vizuizi vya mbele, magoti yamepinda kidogo. Nguvu itoke kiunoni kwa kugeuza kifua, kwani atakayevuta kwa mikono mitupu atachoka kabla ya kuuona mkoko wa kwanza. Mtoto hukaa omo, mtu mzima tezi, kwa sababu wa nyuma ndiye anayeshika njia na ndiye anayemwona mwenzake. Mwambie wa mbele apige kwa mwendo wake, wewe umfuate. Ukimlazimisha yeye akufuate, makafi yatagongana safari nzima.

Zoezi la kupinduka lifanyeni kabla ya kwenda popote, penye maji ya kiunoni, mkiwa na jaketi. Baba watoto huipindua makusudi na wanangu hupenda hapo kuliko safari yenyewe. Wanachojifunza ni vitu viwili: ishike kayaki, kwani inaelea na inaonekana kwa mbali, na usiogelee kukimbilia ufukweni peke yako. Kayaki nyingi za kukodi ni za kukalia juu, hazijazi maji ndani, kwa hiyo kuipindua irudi ni kuvuta ukingo wa upande wa pili ukiwa umelala tumbo juu yake. Mwanangu wa kiume, ana miaka 15, huweza peke yake. Binti yangu wa 11 humhitaji mtu wa kushika upande mwingine.

Kwenye maji

Kama mnaanzia ndani ya hori, upande wa Dabaso au kijiji cha Mida, ingieni majini yapata saa moja na nusu kabla ya kujaa. Maji yanayojaa yanatoka mlangoni Watamu kuja ndani, kwa hiyo mwanzoni mtayapiga kifua kidogo. Hilo ndilo unalolitaka: mkichoka, mkondo unawarudisha mlikotoka. Mkianza maji yakiwa yameshageuka, mkondo unawapeleka mlangoni, na mlango wa Mida ni mwembamba. Hori zima hutokea hapo kwenda baharini. Pale si mahali pa watoto wakati wa maji kupwa.

Mzee mmoja mwenye mtumbwi alitufundisha kitu ambacho sasa ni sheria ya nyumba yetu. Aliwapanga watoto ukingoni akachuma jani la mkoko, akalitupa.

"Haya, kijana, maji yanakwenda wapi?"

Mwanangu akaonyesha mahali upepo unakokwenda. Mzee akatikisa kichwa. "Huo ni upepo, mwanangu. Mimi nimekuuliza maji."

Jani lilikuwa limelala bapa juu ya maji, upepo haulishiki, nalo lilikuwa likienda upande wa pili taratibu. Basi hakuna anayepanda kayaki kwetu kabla ya kutupa jani na kujibu. Hata mdogo wao wa miaka 6 hujibu, na mara nyingine ndiye anayepatia.

Mkishaingia, fuateni ukingo wa mikoko, msikate katikati. Ukingoni kuna kivuli, hakuna wimbi, na mkitaka kupumzika mnashika tawi. Watoto watambue miti: mkoko wenye mizizi ya kupinda inayotoka juu ya shina na kushuka majini, mchu wenye vijiti vyembamba vilivyosimama topeni kuzunguka shina, ambavyo ndivyo unavyopumulia, mlilana ulio mbele kabisa ukikabili maji ya wazi. Mbegu ya mkoko humea ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka na kuning'inia, kisha huanguka ikiwa tayari kushika tope. Mtafute moja inayoelea mwipande topeni maji yakipwa. Kwa mtoto hiyo ni kazi ya siku nzima. Matawi msikate. Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, na mti wa mkoko si kuni za mpita njia. Ada za hifadhi hulipwa kwa simu kupitia eCitizen. Lipeni mkiwa mjini penye mtandao, na kila mtu mzima awe na kitambulisho, kwani mwananchi na mgeni hawalipi sawa.

Kwa familia, muda wa saa moja na nusu hadi mbili majini unatosha. Geukeni kabla maji hayajasimama. Mkiona povu jeupe juu ya mawimbi katikati ya hori, upepo umeshaamka, na wakati wa kurudi umepita kidogo. Simu itie kwenye mfuko usioingia maji, kisha uufunge kwenye kayaki, si mfukoni mwako. Maji ya kunywa yafungwe vivyo hivyo. Mkishuka penye maji ya magotini, buruteni miguu badala ya kuinua na kukanyaga, ili samaki taa aliyejilaza kwenye mchanga apate kuondoka. Taa akimchoma mtu, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, na mpeleke hospitali mwiba ukiwa umebaki ndani au uchungu haupungui.

Hema juu ya mchanga

Piga kambi kwa mwenyeji mwenye kiwanja, mkalipe, mpate choo na maji ya kuoshea. Kisha tembea ufukweni utafute mstari wa mwani mkavu na takataka. Huo ndio mwisho wa maji ya juzi. Kama mwezi unaelekea bamvua mstari huo utapanda, kwa hiyo hema liwe juu yake kwa hatua nyingi. Chini ya mnazi usilale, hata kivuli kikiwa kizuri namna gani: nazi haitoi taarifa, na kuti kavu likianguka linapasua turubai. Mvinje ni bora. Mwembe ni mzuri pia ila kagua shina usiku uliotangulia, siafu wakipita utawaona.

Vigingi vya hema vilivyokuja na mfuko havishiki mchanga wetu. Mimi nilishona vifuko kwa mabaki ya turubai, kila kimoja ukubwa wa mfuko wa unga wa kilo 2, chenye kitanzi cha ukanda wa mkoba. Unajaza mchanga, unafunga kamba ya hema kwenye kitanzi, unakizika kwa kina cha mkono. Viroba vya mchele vikikatwa nusu vinafanya kazi hiyo hiyo. Mlango wa hema uelekezwe upande ambao kusi haiingizi mchanga, yaani kaskazini.

Mbu wapo, na usubi wa jioni ni wabaya kuliko mbu. Kuanzia saa kumi na moja na nusu watoto wavae mikono mirefu na soksi. Zipu ya chandarua cha hema isiachwe wazi hata kwa dakika ya kuchukua kikombe. Tundu lolote mimi hulishona kabla ya kuondoka. Uzi na sindano vimo kwenye kibati cha dawa pamoja na plasta, dawa ya homa, chumvi za kuongezea maji mwilini na ndimu.

Swala ni nyepesi kupanga: kibla mnakijua kwa simu au kwa msikiti wa kijijini, na mkeka mmoja mkubwa uwe wa kusalia tu, usikaliwe na mwenye tope. Na msijidanganye kwamba mko safarini mkapunguza rakaa. Malindi mpaka Mida haifiki hata kilomita 30, na kwa hesabu ya mashekhe wetu hiyo bado ni nyumbani.

Chakula

Usiku wa kwanza kuleni kilichopikwa nyumbani: pilau kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso, na kachumbari inakatwa hapo hapo. Asubuhi ni mahamri yaliyokaangwa jana yake, na mbaazi nilizozichemsha nyumbani bila tui. Nazi nenda nazo nzima, pamoja na mbuzi ya kukunia. Tui likikamuliwa nyumbani asubuhi, kufika jioni limechacha, na mbaazi za tui lililochacha zitawaharibia matumbo mkiwa mbali na choo chenu. Usiku wa pili ni samaki kutoka kwa wavuvi wa pale pale, wa kupaka au wa kukaanga. Ugali wa haraka. Tende, ndizi na korosho ndizo za mfukoni.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichwa cha kupikia unatosha siku zote nne na unakusalimisha na kuni. Maji mimi hupiga hesabu ya lita 4 kwa kichwa kwa siku, kunywa na kupikia, na dumu moja la akiba ambalo haliguswi.

Maji yakipwa

Mchana wa Mida ni tope tupu na jua. Waacheni watoto ukingoni wakae kimya kwa muda, wasisogee. Tope litaanza kutembea: ni kaa wadogo, dume ana gando moja kubwa kuliko kichwa chake, jekundu au la manjano, analipunga juu na chini akimwita jike, na jingine dogo analitumia kulia chakula. Ukitikisa mkono tu, wote wametoweka kwenye mashimo. Subiri tena, mmoja atachungulia. Wangu walikaa hapo mpaka nikawaita mara tatu kwenye chakula.

Jua likizidi, nendeni Gede, ni karibu. Magofu yale ni mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, wenye msikiti, jumba la mfalme na visima, na mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Miti mikubwa imeota ndani ya kuta, kwa hiyo ni pa baridi saa saba mchana. Chakula kifungeni: kima wa Gede hawaombi. Mlangoni pale pale kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi wa vipepeo na kuuza pupa zake, yaani wakiwa ndani ya ganda kabla ya kuota mbawa, nje ya nchi, wakapata sababu ya kuulinda msitu badala ya kuukata.

Msitu wenyewe, Arabuko-Sokoke, una kilomita za mraba 420 hivi na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake Afrika Mashariki. Kuna tembo ndani. Hilo peke yake linatosha kukueleza kwamba hamtembei bila mwelekezi wa msitu, na kwamba mtoto hakimbii mbele. Ingieni alfajiri, mtoke kabla ya saa tatu. Mkiwa na bahati mtamwona sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo wa msituni, akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu. Kwa watoto wadogo mimi ningeiacha hii, niwape asubuhi ya pili ya kayaki. Kutembea kimya kwa saa mbili si kazi wanayoipenda.

Marafa

Siku ya tatu tunapita Malindi, tunaoga kwa maji baridi, tunabadilisha viatu, tunaendelea. Viatu vya plastiki vinabaki. Sasa ni raba zenye meno. Mkivuka daraja la Sabaki mnakata kushoto, na Marafa ni kama kilomita 40 kutoka mjini. Matatu zipo, ila na hema, mtungi na mavyaa, sisi huenda na pikapu ya shemeji.

Sisi wa pwani tukisema mlima tunafikiria Taita au Kilimanjaro, nauli na baridi. Marafa ni kinyume cha mlima, ni nchi iliyoporomoka, lakini miguu ya mtoto haijui tofauti: ni kushuka na kupanda, kushika ukuta, kuchoka na kuuliza imebaki wapi. Genge lina kina cha kama mita 30. Mvua na upepo vimekula mchanga mgumu vikaacha nguzo na mbavu, nyeupe juu ya waridi, chungwa, na nyekundu. Wagiriama wa pale watawasimulia kisa cha tajiri aliyekuwa akioga kwa maziwa wakati watu hawana cha kunywa, mpaka ardhi ikammeza yeye na watu wake. Nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Mwacheni mwelekezi asimulie mwenyewe mkiwa chini, msimtangulie.

Msishuke mchana. Kule chini hakuna upepo na kuta zinarudisha joto; wageni wenye kofia za bei kubwa nimewaona wakipanda saa nane nyuso zimeiva. Fikeni saa tisa, pigeni hema kwa wenyeji wanaopokea wapiga kambi karibu na ukingo, mwingie saa kumi. Njia ya chini haizidi saa moja na nusu kwa mwendo wa watoto. Mtu mzima mmoja mbele na mwelekezi, mmoja nyuma kabisa, na watoto katikati. Nguzo zisipandwe: ule si mwamba, ni mchanga uliogandamana, na ukipangusa kwa kidole unabaki mkononi. Ndiyo sababu pia ukingoni juu hakuna kusimama kupiga picha; sehemu nyingine zimeliwa kwa chini na huwezi kuona ukiwa juu. Mvua ikiwa imenyesha siku hiyo, ghairini kushuka kabisa, mtazame kutoka juu.

Jitahidini mwe mmesharudi juu saa kumi na mbili kasoro. Jua likielekea kuzama rangi zote hugeuka, na ile nyekundu huwa nyekundu kweli kweli. Mavyaa, ambaye hashuki, huwa ameshapika chai ya tangawizi na kuuliza kila mmoja amerudi na viatu vyake au la. Udongo wa Marafa hautoki kwenye nguo nyeupe. Nasema kama fundi: hautoki kwa sabuni, hautoki kwa ndimu.

Kurudi

Hema likifika nyumbani litandazwe darini siku hiyo hiyo, hata kama wote mnataka kulala. Chumvi ya Mida ndiyo inayoua zipu: zisugueni kwa mswaki wa zamani na maji ya kisima, kisha zipakwe nta ya mshumaa. Jaketi na makafi ya kukodi yarudisheni yamesuuzwa, myahesabu mbele ya mwenyewe kabla pikapu haijaondoka. Nguo za jezi zikamuliwe bila kusokota. Vifuko vya mchanga mwageni huko huko mlikovijaza, la sivyo utafagia mchanga wa Mida sebuleni mpaka likizo nyingine.